Kulia, ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa daktari. Moyo umechoka. Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya kumwambia mtoto kwamba mpira umeangukia kwa jirani. Nilimfundisha jiografia kidato cha pili, na hakuwahi kujua mashariki ni wapi. Leo yeye ndiye anayeniambia ninakoelekea! Nikamuuliza nimebakiwa na muda gani. Akatazama kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka jana. Akasema mambo niliyokuwa nikiyaahirisha niyafanye mapema.

Njiani nikayapanga madhambi yangu. Makubwa nimeshayatubu, mengine mara mbili kwa usalama. Limebaki moja dogo. La rangi.

Naliandika humu kwa sababu daftari halina mdomo. Miaka ishirini na mmoja iliyopita marehemu mke wangu alitaka chumba cha kulia kipakwe rangi hafifu, ya nyeupenyeupe. Akaenda dukani na mdogo wake, wakachagua kutwa nzima, akarudi na kijikaratasi cha sampuli chenye vipande sita. Nyuma yake akaandika ni kipi anachokitaka. Kesho yake akanituma. Nikakipoteza.

Basi si ningerudi nikasema kimepotea? Ningerudi vipi! Asubuhi ileile nilikuwa nimemhutubia nusu saa nzima kwa kupoteza ufunguo wa kabati. Kila kitu na mahali pake, mtu mzima hapotezi vitu, na kadhalika. Mwenye duka alikuwa anashusha mlango. Nikanyoosha kidole kwenye makopo yaliyokuwa karibu. Kahawia. Kahawia ya kahawa iliyoungulia sufuriani.

Nyumbani nikasema fundi mmoja, mtaalamu sana, ameniambia ukuta ule una unyevu, na rangi hafifu haishiki penye unyevu. Hakukuwa na fundi. Hakukuwa na unyevu. Chumba kilipokwisha kupakwa mke wangu akasimama katikati, akazunguka, akasema sasa kweli hiki ni chumba cha kulia. Akacheka sana. Nikadhani yameisha.

Tukala gizani miaka kumi na tano. Saa sita mchana anawasha taa, anasema anataka kumwona samaki kabla samaki hajamwona yeye. Kisha akafariki. Huu mwaka wa sita nakula humo na mdogo wake, shemeji yangu, aliyekuja kumuuguza dada yake akabaki kuniuguza mimi. Taa bado inawashwa.

Nimeamua. Kabla sijaondoka, chumba kitapakwa rangi ileile aliyoitaka. Tatizo ni kwamba siijui. Ile karatasi sikuwahi hata kuigeuza. Anayeijua ni shemeji peke yake, na kumuuliza shemeji ni kukiri. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na miwili. Amesikia waongo wenye vipaji kunishinda.

Kwa hiyo lazima aitaje mwenyewe, bila kujua kwa nini ameitaja. Akili ninayo. Kilichochoka ni moyo tu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: mazungumzo.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikaanzia mbali, kwenye ramani. Nikamweleza jinsi wachora ramani wanavyopaka maji ya kina kifupi rangi hafifu na maji ya kina kirefu rangi nzito. Akasema ndiyo. Nikasema rangi ni jambo la ajabu. Akasema ndiyo. Nikasema, kwa mfano tu, dada yako alikuwa akipenda rangi gani?

Nyekundu, akasema.

Nyekundu! Moyo ukaruka pigo. Akafafanua: viatu vyekundu, mkoba mwekundu, hata kucha akizipaka. Nikasema hapana, ukutani. Mikono ikasimama juu ya maharage. Ukuta gani? Nikasema ukuta wowote. Ukuta kwa ujumla.

Akaniuliza kama nimemeza kidonge cheupe. Nimemeza. Akaniuliza cha njano. Nimemeza. Akasema basi aongee na daktari, labda kile cha waridi kimenizidi.

Nimejifunza: usimwendee karani kwa maswali ya jumla.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu fundi wa rangi. Mtaa mzima unamwita Fundi Nakuja, kwa sababu ndilo neno lake. Ukimpigia asubuhi, nakuja. Mchana, nakuja. Kuna nyumba huko chini ilimngoja hadi ikauzwa.

Mpango wa pili ni mzuri mno, nashangaa haukunijia mwanzo. Fundi atapaka vipande vitatu vya rangi hafifu kwenye ukuta wa chumba cha kulia wakati shemeji yuko kwenye mkutano wa wastaafu. Akirudi atavikuta. Atashtuka. Atasema: eh, kile cha katikati si ndicho alichotaka dada? Nami nitasema, kwa mshangao: kweli?

Baada ya chakula mimi hulala, amri ya daktari. Kwa hiyo nimemwachia fundi maagizo mlangoni kwa hati yangu nzuri ya ubaoni. *Vipande vitatu. Chumba cha kulia. Usimwambie mtu.*

Hakuja.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja. Balaa!

Nilikuwa nimelala. Fundi akasoma karatasi, akasimama ukumbini, akatazama huku na huku. Kushoto, jiko. Kulia, mlango umefungwa. Chumba cha kulia! Akaufungua. Chumba cha kulala cha shemeji. Akashusha picha yake ya kustaafu, akapaka vipande vitatu juu ya kitanda chake, kila kimoja ukubwa wa sinia.

Niliamshwa na sauti ya shemeji. Sijawahi kuisikia ikipanda hivyo, hata msibani. Fundi alikuwa ameishika karatasi yangu mbele ya kifua kama kitambulisho. Anasema kama mzee alitaka chumba cha chakula angeandika cha chakula. Yeye amesoma *kulia*, akaenda kulia, kosa lake liko wapi, mama? Shemeji akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akanitazama. Akauliza kwa nini fundi asimwambie mtu. Na mtu huyo ni nani, maana nyumba hii ina watu wawili.

Nikaisoma karatasi begani kwake. Mimi, mwalimu! Lugha hii imeuweka mlo, kilio na mkono mmoja wa mwili kwenye neno moja, ikatuachia sisi tuhangaike.

Ubaya haukuishia hapo. Fundi akataka kuonyeshwa chumba chenyewe. Akaugonga ukuta wa kahawia. Akaukwaruza kwa kisu chake cha plasta. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba ukuta huu ni mkavu kama biskuti na haujawahi kuona unyevu tangu ulipojengwa.

Shemeji akaja mlangoni.

Nikasema umekauka. Miaka ishirini na mmoja si mchezo.

Shemeji akasema: Kumbe. Hilo tu. Nimefundisha miaka thelathini na nane na sijawahi kusikia neno fupi likikaa chumbani muda mrefu namna ile.

Kabla hajaondoka fundi alitupa somo, na nakiri lilikuwa zuri kuliko mengi yangu. Alisema rangi hafifu ndizo za hatari. Nyekundu ni nyekundu, umeiona, imekwisha. Lakini kila nyeupe ina mwenzake ndani: njano, au kijivu, au waridi. Kwenye karatasi humwoni. Ukimzungushia kuta nne, kuta zinamulikiana, ndipo anatoka. Na dirisha letu linatazama ukuta wa jirani wa matofali mekundu, kwa hiyo tuangalie sana. Tuitazame asubuhi, tuitazame mchana, ndipo tuamue.

Nimelala nikiwaza hayo. Uongo nao ni hivyohivyo. Siku ile dukani ulikuwa kipande kidogo tu, hauonyeshi kitu. Nikauzungushia kuta nne, nikakaa ndani yake na mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa tatu: ndoto.

Kwenye chai nikashusha pumzi ndefu. Nikasema nimemwota dada yako. Shemeji akaweka kikombe chini. Nikasema alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia, cha chakula, akasema: nataka rangi yangu. Nikamuuliza rangi gani. Hapo nikazinduka! Nikamtazama shemeji kwa macho ya huzuni, nikingoja amalizie.

Akaniuliza dada alisimama upande gani. Kushoto. Alivaa nini? Gauni lake jeupe. Viatu? Vyekundu. Nilikuwa naenda vizuri kabisa. Ningeishia hapo! Lakini nikaongeza miwani. Nikasema alikuwa akiukagua ukuta kupitia miwani yake.

Shemeji akasema dada yake hakuwahi kuvaa miwani.

Nikasema huenda huko wanagawa.

Akasema basi nikimwota tena nimwagizie na yeye, yake imekatika mkono. Akaondoa vikombe. Mlangoni akageuka, akaniambia kwamba shahidi mwongo mahakamani hawakumtambua kwa kukosa maelezo. Walimtambua kwa kuwa nayo mengi mno.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika polepole.

Baada ya chakula cha mchana niliinuka kupima ukuta kwa utepe, nionekane mtu mwenye shughuli. Pumzi ikakatika. Nikateremka kati ya kiti na kabati la vyombo, taratibu, kama koti linaloanguka kutoka kwenye msumari.

Shemeji hakupiga kelele. Aliketi sakafuni kando yangu, miguu kanyoosha kama msichana, akanishika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu. Taa ilikuwa inawaka, saa sita na nusu mchana. Kutokea chini kuta zile zilikwenda juu, juu, nami niko ndani ya kikombe ambacho mtu amekisahau. Nikasema moyoni: hapa ndipo. Humu humu.

Nikasema, shemeji, ule unyevu.

Akasema nyamaza, nahesabu.

Nikasema hakukuwa na unyevu. Hakukuwa na fundi. Niliipoteza karatasi.

Sabini na mbili, akasema. Hufi leo. Kisha akasema: najua.

Akaenda chumbani kwake. Akarudi na bahasha ya kaki, akaketi tena palepale. Ndani ya bahasha kulikuwa na kijikaratasi cha sampuli, vipande sita.

Alinieleza akiangalia ukuta, si mimi. Wiki ileile dada yake alilichukua koti langu kushona bitana. Mfuko wa kulia una tundu. Karatasi haikuanguka njiani, ilikuwa imeteleza ndani ya bitana, hadi kwenye pindo. Akaitoa. Tundu akaliacha. Shemeji alipomuuliza kwa nini halizibi, alijibu: nikilishona atajua nimeiona. Mwache. Atasema mwenyewe.

Nikamuuliza dada yake aliacha lini kusubiri.

Akasema hakuacha. Hospitalini, siku za mwisho, kila mara shemeji alipoingia, dada alikuwa akimuuliza: hajasema? Ndipo akamkabidhi hii bahasha. Akamwambia: akisema, mpe. Asiposema, mtilie kwenye koti atakalozikwa nalo. Ila si mfuko wa kulia.

Nikasikia machozi yakinifika mdomoni, nikajua nini maana ya jina la chumba kile.

Halafu nikaigeuza karatasi. Hati yake, penseli, imefifia: *Kulia, ya tatu.* Nikasema basi ni ya tatu kutoka kulia. Shemeji akasema acha wazimu, dada ameandika ya chumba cha kulia, ya tatu, na watu wanahesabu kutoka kushoto. Nikasema mtu akisimama kama dada yako, na karatasi ikiwa imegeuzwa... Akasema hata leo? Hata leo, na pumzi huna? Tukaiinua kwenye taa. Ya tatu kutoka kushoto na ya tatu kutoka kulia zimelala ubavu kwa ubavu, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuzitofautisha. Tulicheka mpaka akanikataza kwa ajili ya mapigo.

Jumatatu, 10 Machi

Kitandani. Amri ya shemeji.

Nakumbuka jambo. Kila mwaka mvua zikiisha, mke wangu alikuwa akiniuliza mezani, kwa upole: hivi, ule unyevu haujakauka tu? Nami ninainuka, naweka kiganja ukutani, nafumba macho kama daktari, natikisa kichwa. Bado. Nikijiona msanii! Mara kumi na tano. Nilidhani anauliza habari za ukuta. Alikuwa ananifungulia mlango, mwaka hadi mwaka, anaushika usijifunge, nami kila mwaka naupiga komeo kwa kiganja changu mwenyewe.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonitesa. Mwenye hasira ungemwona. Yeye aliwasha taa, akapakua, akatania samaki, akasubiri. Nimejaribu kupiga hesabu ya milo ya mchana tuliyokula humo, nikafika elfu tano na mia kadhaa, nikaacha.

Wakubwa tunayaogopa madhambi makubwa, nayo hutujia mara moja, yakapita. Hili dogo nilikaa nalo mezani kila siku, nikilipitishia chumvi.

Naweka nadhiri. Kuanzia leo sisemi uongo wa aina yoyote, ukubwa wowote. Nikipoteza kitu nitasema: nimekipoteza. Nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amekwisha kupiga msasa na kupaka rangi ya chini. Inangojwa rangi yenyewe. Shemeji akasema ampe fundi karatasi aende nayo dukani. Nikakataa. Aliyetumwa ni mimi. Nimechelewa miaka ishirini na mmoja, lakini nitafika mwenyewe. Akasema basi aje aishike yeye. Nikasema mimi si mtoto. Akasema basi angalau alishone lile tundu. Nikasema liache, ni kumbukumbu.

Nikaitia mfuko wa kushoto mbele ya macho yake. Nikaupigapiga. Nikachukua fimbo yangu, teksi ikaja.

Duka siku hizi lina mashine. Binti wa pale akanieleza: leta sampuli, babu, unaiweka chini ya jicho hili, inaisoma, inachanganya yenyewe. Hakuna kukosea! Kulikuwa na watu wawili mbele yangu. Nikaitoa karatasi niifurahie. *Kulia, ya tatu.* Mtu akaniomba nimpishe apite na ngazi. Nikampisha. Nikairudisha.

Zamu yangu. Mfuko wa kushoto: leso. Vidonge. Leso. Nikatazama sakafuni. Nikatazama chini ya ngazi ya yule mtu. Hakuna.

Binti akasema pole, babu, si urudi nyumbani ukaangalie, kesho tupo.

Nirudi nyumbani! Nikamfikiria shemeji amesimama mlangoni. Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa: mimi si mtoto. Nikakohoa kidogo. Nikasema naikumbuka vizuri sana, niletee kitabu cha rangi nyeupe. Zilikuwa arobaini. Arobaini nyeupe! Zote zilinitazama kwa uso mmoja. Nikaenda mstari wa kwanza, nikahesabu kutoka kulia. Moja, mbili, tatu. Hiyo.

Nyumbani shemeji akauliza kama ndiyo yenyewe. Nikasema yenyewe kabisa, mashine imeisoma. Akauliza karatasi iko wapi. Nikasema wameibakiza dukani, wanaziweka kwenye faili.

Hilo la faili sikulipanga. Lilitoka lenyewe, kama chafya.

Nimekumbuka nadhiri ya Jumatatu. Nimeitafakari kwa makini. Naona ilihusu zaidi vitu vinavyopotea nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Mkono wa pili wa rangi umepakwa. Rangi ya mafuta, ya kufutika. Fundi amesema tusiiguse hadi Jumapili jioni.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nyeupe, tulivu, kama shuka iliyoanikwa. Nikasema moyoni, nimebahatisha! Saa sita jua likapiga matofali ya jirani, likaingia dirishani, na yule mwenzake wa ndani akatoka. Waridi. Kuta zote nne. Waridi ya fizi za meno ya bandia.

Fundi akasema si nilikwambia, mzee. Nikamwambia ni matofali ya jirani. Akasema matofali ni nusu yake tu. Shemeji alikunja mikono kifuani, akaniuliza kama ndiyo hii dada aliyoichagua. Nikasema ndiyo hii. Akasema: Kumbe.

Hata hivyo. Walipotoka nilibaki nimekaa. Taa imezimwa, mchana, kwa mara ya kwanza. Niliona meza ina alama ya duara pale alipoweka sufuria ya moto wiki ya kwanza ya ndoa akaifunika na kitambaa akidhani sijui. Niliona kiti chake kimebonyea upande mmoja. Nilipoletewa maji niliona shemeji amezeeka, nywele za kando zote nyeupe, na sikumbuki ni mwaka gani zilianza. Vitu hivi vyote vilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nimezima mwanga kwa makopo mawili.

Angeipenda, nadhani. Hata waridi. Angeitafutia jina la kuchekesha.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi shemeji alilichukua koti langu kulifua. Nilikuwa dirishani. Nikamwona anakung'uta, anageuza mifuko. Wa kushoto: leso, vidonge. Wa kulia: mkono ukapita kwenye tundu. Ukaingia kwenye bitana. Ukaenda, ukaenda, hadi kwenye pindo. Ukasimama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtu wa ngazi. Nilipompisha nilihamishia fimbo mkono wa kushoto. Karatasi niliirudisha kwa mkono wa kulia.

Hakunitazama. Alitia kitu kwenye mfuko wa kanga yake, la, kanga haina mfuko, alikitia kifuani, akalitumbukiza koti majini. Alilianika. Tundu hakulishona.

Chakula cha mchana tulikula chumba cha kulia, madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Chumba kimejaa mwanga hadi vijiko vinaumiza macho. Shemeji akainuka, akawasha taa. Akaketi. Akanipakulia. Tukala kidogo. Kisha akasema, kwa upole, sauti ya dada yake kabisa:

"Hivi shemeji, ule unyevu umekauka kweli?"

Nilijua. Naapa nilijua! Mlango ule uleule, na mtu mwingine ameushika. Maneno yenyewe matatu tu: nimeipoteza tena, shemeji. Hata pumzi ya kuyasema nilikuwa nayo, nilikwisha kuivuta.

Nikainuka. Nikanyoosha mkono. Nikafumba macho kama daktari, nikaweka kiganja ukutani.

Umekauka kabisa, nikasema.

Kiganja kikanata. Nilipokivuta kilitoa sauti kama busu. Sasa kuna mkono ukutani, wa kulia, vidole vitano, mistari yote inasomeka.

Shemeji hakucheka. Akainama, akatoa chini ya kiti chake kitambaa na chupa ya tapentaini. Alikuwa ameviweka tayari kabla hatujakaa. Akanifuta kidole kimoja kimoja, akaniambia nimalizie chakula kinapoa.

Dada yake alisubiri miaka kumi na tano. Mimi sina hiyo, na yeye anajua kwamba sina, na bado anasubiri. Ni ukoo wa ajabu. Nitamwambia. Jumatatu, baada ya chai, nikiwa na nguvu. Nimempigia fundi aje aufute ule mkono. Amesema nakuja.

Kesho nitatumia siku nzima kufikiria namna ya kumweleza hiyo waridi. Hawezi kuamini matofali peke yake.

Nadhani nitasema ni unyevu.